Kabla Hujanunua Springi Kali: Kuongeza Nguvu ya Bunduki ya Upepo

Bunduki ya upepo ikianza kulegea, mwenye nayo huwaza kitu kimoja tu: springi. Anaagiza iliyo nene zaidi, anaifunga kwa jasho, kisha anashangaa kwamba kukoki kumekuwa kazi ya shamba lakini risasi inatoka kwa kasi ileile ya zamani, pengine pungufu. Si kwamba kauziwa springi mbovu. Katika bunduki ya springi na pistoni, nguvu nyingi hupotea kabla ya kuifikia risasi, na springi kali hukuza upotevu huo pamoja na nguvu.

Tuchukue mfano wa Weihrauch HW80, bunduki ya Kijerumani inayotengenezwa Mellrichstadt, Bavaria, na kuuzwa Marekani kwa jina la Beeman R1. Imekuwepo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, ina uzito wa kilo 4 hivi, na silinda yake ina kipenyo cha ndani cha milimita 30. Mtutu hukunjwa chini ili kuikoki. Ninayoyaeleza hapa yanaihusu hiyo, lakini Diana, Gamo au BSA yoyote ya namna hiyo hufuata mantiki ileile. Tofauti iko kwenye namna ya kuifungua.

Kwanza tuelewane kinachotokea ndani. Ukivuta kifyatulio, springi inaisukuma pistoni mbele, pistoni inaibana hewa iliyo mbele yake, na hewa hiyo inapita kwenye tundu jembamba, kwa kawaida la milimita 3 hivi, hadi nyuma ya risasi. Safari yote huisha ndani ya milisekunde 10 hivi. Hewa ikibanwa haraka namna hiyo hupanda joto hadi mamia ya nyuzi, kama mdomo wa pampu ya baiskeli unavyochoma kidole, ila hapa ni mara nyingi zaidi. Risasi haianzi kutembea mpaka pistoni iwe imekaribia kabisa mwisho wa silinda. Wakati huo shinikizo liko juu sana, pistoni inasimamishwa na mto wa hewa, inarudi nyuma kidogo, kisha inatulia. Ubora wa bunduki unaamuliwa na kile kipande kifupi cha mwisho: pistoni imerudi kiasi gani, hewa kiasi gani imevuja, na risasi imeanza kutembea wakati gani.

Sasa hesabu. Chukua springi ya waya wa milimita 3.0, kipenyo cha nje milimita 20, yenye mizunguko 30 inayofanya kazi. Ugumu wake unakuja kama nyutoni 5.4 kwa kila milimita. Ikiwa imebanwa awali kwa milimita 40 pistoni ikiwa mbele, na pistoni inasafiri milimita 80, springi inaweka akiba ya jouli 35 hivi. Bunduki nzuri inatoa jouli 12 mpaka 15 kwenye risasi. Zaidi ya nusu ya nguvu imekwenda na msuguano, joto, mtikisiko na hewa iliyovuja.

Ongeza washa (pete ya chuma) yenye unene wa milimita 5 nyuma ya springi hiyohiyo. Akiba inapanda kutoka jouli 35 hadi 37, yaani asilimia 6. Kwa kuwa nishati inakwenda na kasi kwa kipeo cha pili, hata kama kila kitu kingekwenda sawa, kasi ya risasi ingepanda asilimia 3 tu. Badilisha waya kutoka milimita 3.0 kwenda 3.2 na ugumu unapanda asilimia 29, kwa sababu unene wa waya unaingia kwenye hesabu kwa kipeo cha nne. Pale pistoni inaponasa, springi ya kwanza inasukuma kwa uzito wa kilo 67 hivi na ya pili kwa kilo 86. Mkono wako hauvuti zote, maana mtutu ni wenzo, lakini tofauti utaisikia begani baada ya risasi 20. Na pistoni inayokwenda kasi zaidi hurudi nyuma kwa nguvu zaidi, ikimwibia risasi shinikizo katika dakika yake ya kufaidi.

Linganisha na hasara ya sili, kile kipande cha mbele ya pistoni kinachozuia hewa isivuje. Risasi ya gramu 0.547 ikitoka kwa mita 240 kwa sekunde ina jouli 15.7. Sili ikichakaa kasi ikashuka hadi 215, zimebaki jouli 12.6. Umepoteza jouli 3 kwa kipande kidogo cha plastiki. Hakuna washa itakayozirudisha.

Pima kwanza

Bila kronografu, kifaa cha kupima kasi ya risasi, unabahatisha. Kuhesabu mbao zilizotobolewa au kupima kopo limechanika kiasi gani hakukupi chochote cha kulinganisha kesho. Weka kronografu kiasi cha nusu mita hadi mita moja mbele ya mdomo wa mtutu, piga risasi 10 za aina moja kutoka kopo moja, andika kila kasi. Unatafuta namba mbili: wastani, na tofauti kati ya kubwa na ndogo. Wastani ukiwa chini lakini tofauti ni ndogo, mita 3 au 4 kwa sekunde, bunduki iko salama ila springi imechoka au sili imekaza mno. Tofauti ikiwa mita 10 na zaidi, kuna hewa inayovuja, au kuna mafuta yanayoungua, au risasi zenyewe hazilingani.

Risasi jaribu kabla ya kugusa skrubu yoyote. Iliyolegea kwenye mtutu hutoka kabla shinikizo halijapanda. Iliyobana mno hula nguvu kwa msuguano. Jaribu aina tatu au nne zenye uzito tofauti, kisha piga hesabu ya nishati, si ya kasi: nusu ya uzito kwa kilogramu, mara kasi, mara kasi. Risasi nyepesi za aloi zinazotangazwa kwa namba kubwa za kasi ni mapambo ya boksi tu. Hazikai sawa shabahani, na kwa kuwa hazina uzito wa kuizuia hewa, pistoni inagonga mbele karibu kama bunduki tupu.

Halafu raba ya nyuma ya mtutu, ile inayokutana na silinda mtutu unapofungwa. Kata ukanda wa karatasi laini ya chooni, ulaze juu ya ule mstari wa maungio, piga risasi. Karatasi ikiruka, hewa inapita hapo. Itoe raba kwa ncha ya sindano, kata kiduara chembamba cha plastiki ngumu au karatasi ya kadi, kiweke chini yake ili ijitokeze kidogo zaidi, rudisha, jaribu tena. Usizidishe: mtutu ukianza kugoma kufunga, umepita kiasi, na raba itaanza kukatika. Kazi ya robo saa. Mara kadhaa hapa ndipo tatizo linapoishia, na silinda haina haja ya kufunguliwa.

Kufungua HW80

Kama wastani bado uko chini, fungua. Hakikisha haina risasi na haijakokiwa. Toa skrubu mbili za mbele ya tako na zile za kilinzi cha kifyatulio, tako litoke. Kifyatulio chake, cha aina iitwayo Rekord, kimeshikwa na pini mbili za kupita. Zisukume nje kwa pini panchi, na uwe umefunika upande wa kitufe cha usalama kwa kidole gumba, maana nyuma yake kuna kaspringi kadogo kanakoruka na kupotea kwenye vumbi. Kifyatulio chenyewe usikivunjevunje. Kimetoka kiwandani kikiwa sawa na hakina uhusiano na nguvu.

Kifuniko cha nyuma cha silinda kimefungwa kwa thredi, na nyuma yake springi bado imebanwa. Kinapofika thredi ya mwisho kinataka kuruka. Tumia kibanio: hata jeki ya seremala, ile ya kubania mbao, inafaa ikiwa ndefu ya kutosha, imefungwa kwenye meza, na kitambaa kimewekwa ili isikwaruze. Fungua thredi jeki ikiwa imeshikilia, kisha iachie polepole mpaka springi ipumzike kabisa. Usisimame nyuma ya kifuniko, wala usimsimamishe mtu pale kwa ajili ya kushika taa.

Springi ikitoka, toa boliti ya egemeo la mtutu, angalia washa nyembamba za kushoto na kulia na ukumbuke ipi ilikaa wapi, tenganisha mtutu na mkono wa kukokia. Pistoni itatoka kwa nyuma.

Laza springi kwenye meza bapa uiviringishe. Ikicheza kama nyoka, imepinda, na springi iliyopinda hukwaruza ndani ya pistoni, inatetemeka, inakula nguvu. Pima urefu wake. Springi mpya kupungua kidogo baada ya risasi za mwanzo ni kawaida, lakini iliyopungua sana, iliyopinda au yenye mzunguko uliopasuka ni ya kutupa. Usiivute ili irudi urefu wake wa zamani. Itakaa hivyo wiki moja.

Ukinunua nyingine, fanya hesabu moja ambayo wauzaji hawaitaji. Hesabu mizunguko yote, zidisha kwa unene wa waya. Mizunguko 32 ya waya wa 3.2 ni milimita 102. Huo ndio urefu wa springi ikiwa imebanwa mpaka chuma kinagusana na chuma. Nafasi iliyopo bunduki ikiwa imekokiwa lazima izidi hapo, pamoja na washa ulizoongeza, pamoja na kofia inayokaa mbele ya springi, na ibaki akiba ya milimita kadhaa. Isipobaki, pistoni haitafika kwenye ndoano ya kifyatulio, na ukilazimisha unapinda mkono wa kukokia. Wengi husema bunduki "imegoma kushika" na kulaumu kifyatulio, kumbe ni washa mbili za ziada.

Sili ya pistoni ndiyo yenye neno

Sili ya HW80 ni ya plastiki laini, ina mdomo uliochongoka pembeni kama mwavuli, na hewa ndiyo inayoufungua mdomo huo ukaukandamiza ukuta wa silinda. Ichunguze kwa mwanga mkali. Mikwaruzo ya urefu imetokana na kingo kali za mfereji wa mkono wa kukokia. Sili hukatwa siku ileile inapoingizwa, kisha mtu anahangaika mwaka mzima kutafuta nguvu. Alama nyeusi zilizoungua katikati zinaonyesha mafuta yamelipuka ndani.

Kwa hiyo kabla ya kuweka sili mpya, chukua tupa ndogo ya mviringo na msasa namba 400, ulainishe kingo zote za mfereji huo kwa ndani, hasa zile pembe za mbele na nyuma. Unatoa ukali tu, hupanui. Kisha osha silinda. Funga kitambaa cheupe kwenye fimbo, kiloweshe kwa mafuta ya kuondolea grisi, pitisha, badilisha kitambaa, pitisha tena, mpaka kitoke cheupe kama kilivyoingia. Unga wa msasa uliobaki ndani utaisaga sili mpya ndani ya mamia machache ya risasi.

Sili mpya nyingi huja zimezidi ukubwa kidogo makusudi. Ivalishe kwenye pistoni, isukume kavu ndani ya silinda. Silinda ikiwa imesimama wima, pistoni isianguke yenyewe. Ukiisukuma kwa kidole gumba iteleze kwa ukinzani wa sawasawa kutoka mwanzo hadi mwisho. Kama inahitaji mikono miwili, imekaza, na ukazo huo utakula kasi zaidi ya uvujaji mdogo. Fungia fimbo ya pistoni kwenye drili iliyoshikwa na vaisi, izungushe polepole, gusisha msasa namba 400 kwenye ubavu wa sili kwa sekunde chache, pima tena. Malizia na namba 600. Hapa subira inalipa: ukishazidisha kuna njia moja tu, kununua nyingine. Jaribio la mwisho, ziba tundu la kupitishia hewa kwa kidole na usukume pistoni. Inapaswa kuruka nyuma kama imegonga puto, na ukiendelea kuikandamiza isizame haraka.

Ndani ya springi kuna fimbo ya kuiongoza. Ile ya kiwandani huacha nafasi, na nafasi hiyo ndiyo inayotoa ule mlio wa "twaaang" unaosikika shavuni. Fundi mwenye mashine ya kuchonga anaweza kukutengenezea nyingine ya plastiki ngumu aina ya Delrin. Mpe springi yenyewe, si vipimo vya kwenye karatasi. Iingie kwa kusukuma na kuzungusha kidogo. Mbele ya springi weka kofia ya chuma laini ili springi izunguke bila kujichimbia ndani ya pistoni. Kofia hiyo ina kazi ya pili: uzito. Pistoni nzito kidogo hairudishwi upesi na mto wa hewa, kwa hiyo inafaa risasi nzito za milimita 5.5. Kwa risasi nyepesi za milimita 4.5, pistoni nyepesi hufanya vizuri zaidi. Anayekwambia kuna uzito mmoja unaofaa bunduki zote anauza kofia.

Kuna njia nyingine ya kuongeza nguvu, nayo ni kurefusha safari ya pistoni. Kwenye mfano wetu, milimita 5 zaidi za safari zinatoa jouli 38, kuliko zile 37 za washa, na juu yake hewa inayobanwa inaongezeka asilimia 6. Ni bora kuliko washa kwa kila namna, lakini inataka kuchonga pistoni kwenye lethi, ile mashine ya kuchonga chuma, na kuhakikisha mkono wa kukokia bado unaifikisha kwenye ndoano. Asiye na lethi aiache. Tundu la kupitishia hewa pia aliache: ukilitoboa likawa pana, hewa inapita mapema, shinikizo halipandi, na chuma ulichokitoa hakirudi.

Grisi, na yale mafuta ya mtaani

Kuna desturi ya kudondosha tone la mafuta, wengine hata dizeli, kwenye tundu la hewa "ili ipige". Itapiga kweli, kwa mlipuko. Joto la hewa iliyobanwa linayawasha mafuta, kasi inaruka juu kwa risasi moja mbili, na pistoni inatupwa nyuma kwa nguvu ambayo springi haikutengenezwa kuihimili. Sili inaungua, springi inakatika, na risasi hazilingani tena. Hata hivyo si kila uunguaji ni kosa. Waingereza Cardew, baba na mwana, waliwahi kupiga bunduki ya upepo iliyozungukwa na naitrojeni badala ya hewa, na kasi ikashuka sana. Yaani bunduki hizi huunguza mafuta kidogo katika kila risasi, hata zikiwa safi. Kazi yako ni kuuweka uunguaji huo uwe mdogo na uleule kila mara.

Tumia grisi nzito ya molibdenamu. Paka ubavuni mwa sili kwa kusugua mpaka ibaki rangi tu ya kijivu. Usoni mwa sili, pale panapotazama tundu, usiweke chochote. Paka utando mwembamba mbele na nyuma ya mwili wa pistoni, kwenye fimbo ya kuongozea na ncha mbili za springi. Springi yenyewe ipate grisi kidogo ya kunata ili inyamaze. Ukiipaka kama unapaka siagi mkate, mlio utakwisha kabisa na kasi itashuka nayo.

Wakati wa kufunga, mwanzo wa thredi ya kifuniko cha nyuma ndio hatari kubwa. Bana kwa jeki, zungusha kwanza kinyume mpaka uusikie mdomo wa thredi ukidondoka mahali pake, ndipo ukaze kwa mkono. Ikigoma baada ya nusu mzunguko, rudi nyuma. Bunduki ikishafungwa, usiifyatue bila risasi hata kwa kujaribu tu, na unapoweka risasi ushike mtutu imara kwa mkono mwingine. Kifyatulio kikiteleza, mtutu hujifunga wenyewe na kuchukua vidole.

Piga risasi 50 hadi 100 kabla ya kuamini kronografu, kwa sababu grisi ya ziada itaungua na kuinua namba kwa muda. Baada ya hapo pima tena kwa risasi zilezile za mwanzo.

Sheria iko ndani ya kipimo hicho. Uingereza, bunduki ya upepo inayozidi futi-pauni 12, sawa na jouli 16.27, inahitaji leseni ya silaha kama bunduki nyingine. Kwa ile risasi ya gramu 0.547 mpaka huo ni mita 243 kwa sekunde hivi, na kwa risasi ya milimita 5.5 yenye gramu 1.03 ni 177. Scotland wanataka leseni hata kwa zilizo chini ya hapo. Ujerumani zinazouzwa bila kibali zina alama ya F ndani ya pembetano na haziruhusiwi kupita jouli 7.5. Kwa kuwa aina moja ya risasi inaweza kutoa nishati kubwa kuliko nyingine katika bunduki ileile, pima kwa aina kadhaa, na uache nafasi ya jouli moja chini ya mpaka. Kwetu Afrika Mashariki usidhani kwamba kwa sababu haina baruti basi ni kitu cha kuchezea: uliza polisi wanaoshughulikia leseni kabla ya kuimiliki, na zaidi kabla ya kubadilisha chochote ndani yake.

Baada ya hizo risasi 50 za mwanzo skrubu za tako huwa zimelegea, hasa mbili za mbele. Zikaze. Zikilegea tena, ziweke tone la gundi ya thredi, ile laini inayofunguka kwa bisibisi, kabla ya kuanza kulaumu darubini kwa shabaha inayohama.